Nanga ya tela: kidaftari cha ukarabati, Chake Chake, Pemba

Siku ya 1

Tela limeteremka Mkoani leo baada ya adhuhuri. Ni la Kimarekani, la kulala watu, futi 16, ekseli mbili, rangi yake zamani ilikuwa nyeupe. Shemeji alilinunua Unguja kwa mtu aliyechoka nalo, na tunataka liwe chumba cha wageni kule ufukweni Vumawimbi kabla kaskazi haijaanza kuvuma. Kazi yangu mimi ni friji na umeme wa boti, basi kila chenye waya ndani ya tela nimetupiwa mimi. Naandika humu ili mwakani nisije nikajiuliza nilifanya nini.

Mlango uko upande usiotufaa. Wamarekani huendesha kulia, kwa hiyo mlango wao hufungukia ukingo wa kulia wa barabara. Sisi tunaendesha kushoto. Mgeni akiteremka atateremkia magari. Hilo litasubiri. Umeme wa ndani ni wa volti 120 na wetu ni 230. Hilo nalo litasubiri.

Lisilosubiri nimeliona tulipokuwa tunapandisha kutoka bandarini. Mkoani ni mji wa mlimani: ukitoka gatini tu, gari imeshainua pua. Nilikuwa nyuma na pikipiki, nikasogea ubavuni kuangalia tela linavyokaa. Chini ya mkono wake wa mbele, ule unaoshikana na gari, kulikuwa na kamba nyembamba ya chuma, imepigwa fundo kwenye shingo ya kile kichwa cha duara ambacho tela linakikalia. Niliijua. Ni kamba ya swichi ya breki ya dharura, na pale ilipofungwa sipo pake kabisa. Pembeni mwa barabara yalikuwa majamvi ya karafuu yameanikwa, na mabibi wamekaa wanachambua. Sikumpigia shemeji honi. Nilingoja tufike.

Siku ya 2

Ami amekuja baada ya laasiri. Ni nahodha wa jahazi tangu ujana wake, sasa anakaa barazani, lakini hakipiti chombo mtaani asikikague. Ameshika ile kamba, akauliza: "Na hii ya nini, mwanangu?"

Nikamweleza, na nayaandika hapa yale maelezo kwa sababu kumweleza Ami ndiko kulikonifanya mwenyewe nielewe vizuri.

Tela hili lina breki zake za umeme. Ndani ya kila dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, mna sumaku ya umeme, ndogo, inaenea kwenye kiganja. Ikipata umeme inang'ang'ania uso wa dramu unaozunguka. Dramu inaiburura, na kule kuburuzwa ndiko kunakosukuma mkono unaotanua breki shuu mpaka zibane dramu kwa ndani. Siku zote umeme huo unatoka kwenye gari inayokokota: dereva anakanyaga breki, kidhibiti kilichofungwa karibu na usukani kinapeleka umeme nyuma kwa kadiri alivyokanyaga. Sasa tela likichopoka mlimani, plagi inang'oka pamoja nalo. Umeme wa gari hakuna tena. Bati la kiwandani linasema tela likijaa ni pauni 5,000, kama kilo 2,268. Hebu zione kilo hizo zinarudi kinyumenyume kuelekea gatini.

Ndipo swichi hii inapofanya kazi yake. Imefungwa kwenye mkono wa tela. Ndani yake mna vipande viwili vya shaba vyenye springi vinavyotaka kugusana, na pini ya plastiki imewekwa katikati kuvitenganisha. Pini imefungwa kwenye kamba, kamba imefungwa kwenye gari. Gari na tela vikiachana, kamba inachomoa pini, shaba zinagusana, na betri ya tela lenyewe inapeleka umeme wake wote kwenye sumaku zote. Magurudumu yanakaza. Tela linasimama lilipo.

Ami akafikiri. "Basi ni nanga," akasema. "Chombo kinavutwa, kamba imekatika, nanga inajitosa yenyewe."

Jina limebaki hilo. Vijana wote hapa karakana wanaiita nanga.

Akauliza pia kama matela yote ya Wazungu ndivyo yalivyo. Nikamwambia hapana. Mengi ya Uingereza hayana sumaku: tela lenyewe likiisukuma gari ndipo breki zake zinajikaza, na kamba yao ya dharura huvuta hendibreki. Kwa hiyo fundi aliyewahi kushika la Kiingereza asije akadhani kamba hii ni ile.

Siku ya 3

Leo nimeifungua nanga.

Nilianza kwa kuivuta pini kwa mkono. Haikutoka. Nikaishika kwa koleo, nikawa naizungusha kidogo kidogo, ikatoka na unga mwekundu wa kutu. Nilichokuwa nacho mkononi hakikuwa pini. Ulikuwa msumari wa inchi tatu, umekatwa kichwa, ncha moja imekunjwa kitanzi ili kamba ipite.

Nilikaa juu ya ndoo nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Pini haikufanywa ya plastiki kwa ubahili. Ni ya plastiki kwa sababu plastiki haipitishi umeme. Ukitia chuma katikati ya shaba mbili hukuzitenganisha, umeziunganisha. Kwa hiyo siku ile msumari ulipoingia, breki za tela zilikaza na hazikuachia. Nikaufuata waya unaotoka kwenye swichi kwenda betri, nikakuta kile nilichokuwa nakihofia: karibu na sanduku la betri waya umekatwa, ncha zote mbili zimefungwa tepu, kazi safi ya mtu aliyekuwa na subira.

Kisa chote kiko hapo, huna haja ya shahidi. Pini ya asili ilipotea. Mtu akaweka msumari. Tela likagoma kutembea. Badala ya kuuliza kwa nini, akaukata waya, tela likatembea, kila mtu akafurahi. Tangu siku hiyo swichi ipo, kamba ipo, pini ipo kwa macho, na breki ya dharura haipo. Tela likapakiwa melini, likateremshwa Mkoani, likapandishwa mlima mbele ya mabibi wa karafuu.

Simlaumu sana yule fundi, nani ajuaye alikuwa wapi na alikuwa na nini mkononi. Lakini msumari nimeutundika ukutani.

Siku ya 6

Nimemwagiza mpwa wangu aliyeko Dubai swichi mpya na pini yake, kidhibiti cha breki, na sumaku mbili za akiba. Swichi ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote alivyonunua. Nilimsisitizia pini ije pamoja na swichi yake. Za kampuni moja na nyingine hazilingani unene, na pini inayolegea ni hatari sawa na inayokwama.

Nikisubiri, nimefungua dramu zote nne. Ya mbele kushoto ilitoka kwa nyundo na dua. Ndani kulikuwa na mchanga, utando wa buibui, na ule unga wa kijani unaoota kwenye shaba pwani. Hewa ya hapa inakula chuma hata kilicholala. Boti likiwekwa juu mwaka mzima bila kuguswa, ukirudi unakuta waya zimekufa, na wala halikugusa maji.

Nimepima sumaku moja moja kwa mita, waya zikiwa zimetengwa. Tatu zimenipa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 3.7, 3.8, 3.8. Hizo nzima. Ya nne mita haikusoma kitu: waya umekatikia ndani. Kwa hesabu ya haraka, sumaku yenye omu 3.8 kwenye betri ya volti 12 inakula ampea 3 na kidogo. Zote nne ni kama ampea 12. Namba hii 12 nimeiandika kwa kalamu kubwa ukutani chini ya msumari, kwa sababu ndiyo nitakayoitafuta siku ya majaribio. Ukipata 9, kuna gurudumu moja halishiki. Ukipata 6, mawili.

Siku ya 7, ya 8, ya 9

Mvua ya vuli. Hakuna kilichofanyika. Watu wanakimbia kuingiza karafuu ndani, sisi tunakunywa chai na boflo chini ya bati.

Siku ya 11

Mzigo wa Dubai umefika. Kabla sijagusa kidhibiti nilipima betri ya gari ya shemeji. Ni Land Cruiser ya dizeli iliyotoka Japani, na hizo nyingine huwa za volti 24. Ukimfungia mtu kidhibiti cha volti 12 humo unamuunguzia mali yake mchana kweupe. Mita imesema 12.6. Alhamdulillahi.

Swichi mpya ina waya mbili na zote nyeusi. Kijana wangu akaniuliza ipi chanya ipi hasi. Hakuna. Ni swichi tu kama ya taa: mmoja unakwenda kwenye chanya ya betri ya tela, wa pili unaungana na waya wa breki, ule wa buluu unaokwenda kwenye sumaku. Ukizigeuza ni sawasawa. Waya mweupe kwenye tela hili ni wa erthi. Rangi nyingine sikuziamini, nimepima moja baada ya moja, maana tela kuukuu limepita mikono mingi na kila mkono una rangi zake.

Siku ya 12

Siku ya waya. Nimeshinda chini ya tela na mgongo wangu unajua.

Kwanza kosa ambalo nusura nilirithi. Tela hili lina swichi kubwa ya kuzima betri, ile unayoizungusha unapoliegesha ili taa zisile chaji. Waya wa zamani wa nanga ulikuwa umeungwa baada ya swichi hiyo. Maana yake mtu akisahau kuiwasha kabla ya safari, na atasahau, tela linakokotwa bila breki ya dharura na hakuna taa wala kelele ya kumwambia. Nimeuhamisha. Waya wa nanga sasa unatoka moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, kabla ya swichi yoyote, na karibu na betri nimeweka kikata umeme cha ampea 30 kinachojirudisha chenyewe. Fyuzi ya kawaida sikuitaka hapa. Ikiungua kimyakimya tunarudi kwenye kisa cha msumari.

Halafu unene wa waya. Waliotangulia walitumia waya wa milimita moja na nusu ya mraba, ule wa taa za nyumbani. Kutoka betri mpaka ekseli ya nyuma na kurudi ni kama mita 12 za shaba. Kwa ampea 12 waya huo unakula zaidi ya volti moja na nusu njiani kabla sumaku hazijaonja kitu. Nilipounga kwa muda nikapima: betrini 12.4, kwenye gurudumu la nyuma 10.1. Nimevuta waya wa milimita nne za mraba mbele mpaka nyuma, na erthi yake ya unene huohuo. Sasa gurudumu la nyuma linapata 11.7.

Erthi ndiyo nilikotumia muda mwingi, na ndiko mafundi wengi wanakopita mbio. Waliunga erthi ya sumaku kwenye fremu kwa skrubu ya bati, wakitegemea chuma cha tela kirudishe umeme mpaka betri. Chuma chenyewe kimekuwa keki ya kutu. Nimerudisha kila erthi kwa waya wake mpaka hasi ya betri. Viungo vyote nimevibana kwa koleo la kubania, nikavivisha mipira ya kunywea kwa moto, na juu yake mafuta mazito ya kuzuia unyevu. Mimi si mtu wa tepu. Tepu hapa Pemba inadumu msimu mmoja, wa pili inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Siku ya 13

Ugomvi wa kamba.

Nilimwita shemeji nikamwonesha kwa nini fundo lake la Mkoani lilinikosesha raha. Kichwa cha duara kimefungwa kwa nati moja chini. Ile pingili inayokibeba imechomekwa kwenye gari, imezuiwa na pini moja ya chuma. Nati ikilegea, au pini ile ikidondoka, kichwa chote kinaondoka pamoja na tela. Na kamba iliyofungwa kwenye kichwa hicho inaondoka nacho pia, haijavutwa hata kidogo. Umefunga nanga kwenye chombo kinachozama.

"Basi tuifunge kwenye mnyororo," akasema.

Mnyororo, ule wa akiba unaoshika tela na gari kichwa kikiachia, pia hapana. Kulabu yake ikichomoka, yale yale. Kamba inataka mahali pake yenyewe, kwenye kitu kitakachobaki na gari hata kila kingine kikiondoka: fremu ya gari, au tundu lililochomelewa kwenye fremu. Nimechomea kipete cha chuma pembeni, hakibebi kitu kingine, nimekipaka rangi nyekundu. Kamba inashikwa hapo kwa kulabu ya kujifunga. Mafundo marufuku; fundo kwenye kamba ya chuma linakata nyuzi moja baada ya nyingine.

Urefu ndio uliotupeleka mpaka magharibi. Katika hili watu wana madhehebu mawili. Shemeji ni wa wale wanaosema kamba iwe ndefu kuliko minyororo, ili breki zikaze pale tu minyororo nayo imekatika, maana minyororo ikiwa bado inashika dereva anaweza kusimamisha vyote viwili taratibu. Si maneno ya kijinga. Mimi ni wa wale wengine: nataka pini itoke kidogo kabla minyororo haijanyooka, kwa sababu tela lililoruka kwenye kichwa chake linaning'inia kwa minyororo tu na linaweza kuipanda gari mgongoni kwenye mteremko. Kwenye milima ya Chake na Mkoani siko tayari kumwachia mnyororo maamuzi. Mwenye kutia saini kwenye waya ni mimi, tumefanya la kwangu.

Tumepima kwa gari yenyewe. Shemeji akakata usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto, mimi nimelala chini natazama. Kamba isivutike kwenye kona kali, na isiburure lami ikiwa imenyooka. Tulikata mara mbili ndipo ikatua. Minyororo yenyewe tumeipishanisha chini ya mkono wa tela, ili ukianguka ulalie minyororo usichimbe barabara. Na swichi nimeigeuza itazame mbele moja kwa moja. Ilikuwa imelala kando, pini ingevutwa kwa pembe ikapinda badala ya kutoka.

Siku ya 14

Majaribio.

Sheria ya kwanza, na nimewaambia vijana wote waikariri: kabla ya kuchomoa pini, plagi ya tela itolewe kwenye gari. Kuna sababu mbili. Pini ikitoka, umeme wa betri unaingia kwenye waya wa breki, na waya huo plagi ikiwa mahali pake unarudi mpaka kwenye kidhibiti cha gari, unaweza kukiunguza. Ya pili ni ya ujanja zaidi: plagi ikiwa ndani, betri ya gari nayo inasaidia. Utaona breki zinashika vizuri kumbe betri ya tela imekufa, na siku ya ajali hiyo ndiyo pekee utakayokuwa nayo.

Ami alikuja na dira yake ya jahazi, ya shaba, imefungwa kitambaa. Nilikuwa nimemwambia sumaku zinapimwa na dira akadhani namtania. Nikainua tela kwa jeki, nikachomoa pini. Ikatoka kwa mvuto mmoja, laini, na ndani ya dramu ukasikia mgoto mdogo tu. Ami akaisogeza dira kwenye gurudumu la mbele kulia. Sindano ikaruka ikageuka kuelekea dramu. La mbele kushoto, ikaruka. La nyuma kulia, ikaruka. La nyuma kushoto ikatikisika kidogo ikarudi kaskazini kama haikusikia kitu.

"Huyu mmoja kalala," akasema Ami.

Mita ya kubana waya ilikuwa inasoma 9.1. Namba ya ukutani ilikuwa 12. Sumaku niliyoibadilisha ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ya nyuma kushoto, na kosa lilikuwa langu: kiungo kimoja nilikibana juu ya ganda la waya, sikukibana kwenye shaba. Nikakikata nikakirudia. Mita ikapanda 12.2. Sindano ya Ami ikaruka mara nne.

Umeme kufika ni jambo moja, gurudumu kukaza ni jambo jingine. Kijana alizungusha kila gurudumu kwa mikono. Matatu yalikataa, la mbele kushoto liliendelea kuzunguka kwa uzito. Breki shuu zilikuwa mbali na dramu. Nimezikaza kwa ile nyota ya nyuma, kigurudumu cha meno cha kurekebishia breki, mpaka zikaanza kukwaruza, kisha nikarudisha meno kadhaa. Likakataa nalo. Baadaye tumeliburura uwanjani na gari, gia ya kwanza, pini ikiwa nje. Magurudumu yote manne yalilima mchanga bila kuzunguka, na watoto waliokuwa wanacheza mpira wakapiga makofi.

Siku ya 15

Leo naandika kosa langu kwa mkono wangu.

Jana tulipomaliza uwanjani watu wakaja kusalimia, adhana ikaita, kila mtu akaenda zake. Hakuna aliyerudisha pini. Asubuhi nimekuta inaning'inia kwenye kamba yake, betri ina volti 7, na dramu bado zina uvuguvugu. Sumaku nimezipima tena moja moja, zimesalimika. Betri haijasalimika.

Shemeji, ambaye alikuwa na mpango wa kuitumia nanga kama breki ya kuegeshea kule Vumawimbi, amekaa kimya. Nilimwambia zamani: hii ni ya dakika chache za hatari, ukiiacha inachemsha sumaku na kunyonya betri. Ya kuegeshea ni kabari chini ya magurudumu. Sasa nina ushahidi.

Siku ya 17

Betri mpya. Jaribio la mwisho karakana: pini nje kwa dakika 15 kwa saa ya mkononi. Kiasi hicho sikukitoa kichwani. Kanuni ya shirikisho ya magari ya biashara huko Marekani inataka breki za tela lililochopoka zishike papo hapo na zibaki zimeshika angalau dakika 15. Majimbo mengi yao hulazimisha breki kwa tela linalozidi pauni 3,000, yaani kama kilo 1,360, na letu limepita hapo hata likiwa na kitanda kimoja.

Dakika 15 kwa ampea 12 ni ampea-saa 3 tu. Betri ndogo inaziweza, ilimradi iwe nzima. Yetu ilianza na 12.7, mwisho wa dakika 15 ilikuwa bado inasukuma ampea 11.9. Pini ikarudishwa, na safari hii nimeisikia ikigota kwa masikio yangu.

Matunzo tuliyokubaliana, yameandikwa kwa chokaa ndani ya mlango: kila mwezi pini ichomolewe, isuguliwe kwa kitambaa kikavu, tundu lake lipulizwe dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kisha silikoni kidogo ya kupuliza. Grisi hapana, inashika mchanga. Kamba ikianza kuchanua nyuzi, itupwe. Na plastiki ikipasuka, hata ufa wa unywele, asije mtu akaenda dukani kutafuta msumari.

Siku ya 20

Tumeondoka Chake baada ya alfajiri, gari mbele, mimi na Ami nyuma na pikipiki. Milima yote mpaka Konde imepita bila la kusimulia. Mara moja tu shemeji alikanyaga breki ghafla kwa ajili ya gari ya ng'ombe iliyokatiza. Tela likatulia nyuma yake kama linamjua.

Konde tukasimama kunywa kahawa kabla ya kuingia msitu wa Ngezi. Nikachomoa plagi, nikachomoa pini. Ami akashuka na dira yake, akalizunguka tela polepole, akainama kila gurudumu, watu wa barazani wakimtazama wakidhani ni dawa.

"Nne," akasema.

Nikarudisha pini, ikagota. Nikarudisha plagi. Mwenye kahawa akauliza dira hiyo inatafuta nini, na Ami akamwambia akae, ni kisa kirefu.